Kisanduku cha Tatizo

Mimi nikipenda kitu hupitiliza. Siku zile nilipenda visanduku.

Kikundi cha wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Sori, pamoja na wenzao wa kisiwani Mfangano, kilikuwa na wiki, yaani tovuti ambayo kila mwanachama aliweza kuandika, kusahihisha na kufuta kwa simu yake. Shangazi yangu alikuwa mwenyekiti. Kwa kuwa nilifundisha kompyuta Homa Bay, aliniita nitengeneze kiolezo: fomu moja ya kuandikia kila ruwaza, maana yake tatizo linalojirudia na jinsi watu walivyozoea kulitatua. Nikaweka visanduku vinne: jina, tatizo, dalili, suluhisho. Nilijiona fundi.

Tukakusanyika ndani huko Sori, tukaanza na namna ya kuokoa omena mvua inapokuja. Omena za shangazi zenyewe zilikuwa nje, zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, zimebakiza jua kidogo tu zikauke. Mnunuzi wa Migori angezifuata jioni.

Kufika saa nane tulikuwa na visanduku kumi na kimoja. Katibu alidai cha sala ya kufungua. Mama mmoja akadai cha udhuru wa wasiohudhuria. Nikamuuliza, ruwaza inawezaje kutohudhuria?

"Mwalimu, weka tu. Wenye hawajakuja watasema tumewadharau."

Nikaweka. Cha mengineyo kilipita bila kupingwa.

Shangazi alikuwa akichungulia dirishani. "Nyathina, mwanangu, hiyo upepo siipendi."

"Waya," nikamwita shangazi kwa Kijaluo, "hiyo ni dalili. Bado tuko kwa jina."

Akaketi. Mwenyekiti huheshimu ajenda.

Mara kisanduku cha jina kikajaa. Mtu wa Mfangano alikuwa ameandika: MVUA IMEFIKA HUKU INAKUJA KWENU ANUENI. Nilikasirika kwelikweli. Herufi kubwa tupu, nukta hakuna, na hilo si jina, ni habari! Nikafuta. Mahali pake nikaandika "Kuanua kwa Wakati". Wanachama wakapiga makofi.

Makofi hayajaisha, mabati yakaanza kupigwa na mvua. Tulitoka mbio, lakini tulikuta omena zimeshalowa chapachapa, nyingine zinaelea kuelekea ziwani zilikotoka. Shangazi alipiga magoti matopeni, akawa anazizoa kwa leso yake. Niliona haya hata nikashindwa kumsaidia.

Tuliporudi ndani, katibu alifungua historia ya ukurasa. Wiki haisahau: kila kilichofutwa kimo, pamoja na saa na jina la aliyefuta. Shangazi akaomba asomewe. Akasomewa ujumbe wa Mfangano, kisha jina langu. Akaomba jina lirudiwe.

"Waya, nisamehe," nikasema.

Alikamua leso yake mlangoni, polepole, kisha akamgeukia katibu.

"Pale kwa tatizo mliandika nini?"

"Mvua."

"Toa mvua. Weka jina ya huyu."

Katibu akaandika. Ruhusa ya kufuta ninayo hadi leo, na sijafuta.