Kipande cha Bidoni Kwenye Gurudumu la Baba

Mtoto wa kaka yangu alikuja juzi akiwa ameibana chupa ya maji kwenye gurudumu la baiskeli, akataka nimsifu kwamba sasa ana pikipiki. Nikamwambia hiyo si pikipiki, huyo ni kuku aliyebanwa na mlango. Chupa nyembamba ya maji hulia kidogo, ikalegea, na kabla hujafika kona imenyamaza. Watoto wa siku hizi simu zao zinawaonyesha dunia nzima, lakini hakuna aliyewaonyesha bidoni, yaani dumu la mafuta ya kupikia.

Bidoni ya manjano, ile ngumu, ndiyo yenyewe. Unapasha kisu cha jikoni kwenye mbabula, jiko letu la makaa, unakata kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, unakifunga kwenye uma wa gurudumu la nyuma kwa mpira uliokatwa kutoka tube kuukuu. Ncha yake iingie kati ya spoki kiasi cha kucha, si zaidi, la sivyo itakwama na wewe utakwenda kuibusu barabara. Nyuma ya plastiki unatia kipande cha kandambili. Bila kandambili inalia kama bati. Ukiitia, inanguruma, na mtu aliye ndani ya nyumba atatoka kutazama ni nani amekuja.

Akaniuliza nani alinifundisha, maana wasichana hawafanyi mambo hayo. Nikamjibu kwamba nilijifunza mwenyewe, kwa hasira. Sikumwambia zaidi. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya babu yake. Bado imeegemea ukuta wa nyumba yetu hapa Kampemba, na mwenyewe tulimzika kiangazi kilichopita.

Baba alikuwa msagaji. Kwa miaka mingi alisimama ndani ya kibanda cha mabati karibu na soko, mbele ya mashine ya kusaga mahindi, akimwaga debe baada ya debe huku wanawake wamepanga foleni nje na mabeseni yao. Kama umewahi kula bukari, ugali wetu, katika mji huu, mashine hiyo unaijua. Unaisikia kabla hujaiona. Mle ndani watu hawaongei, wanaonyeshana kwa vidole. Jioni alirudi mweupe toka nyusi mpaka viatu, akisukuma baiskeli, na sisi watoto tulikuwa na wajibu mmoja usio na mjadala. Uwe unaosha vyombo, uwe unasoma, ukisikia lango unatoka, unapokea mfuko wake kwa mikono miwili na kumsalimu.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, mama."

Mimi ni binti yake wa kwanza na nina jina la mama yake, kwa hiyo kwake nilikuwa mama tangu siku niliyozaliwa.

Salamu kwetu si pambo. Wazazi wangu walitoka Kasai wakiwa vijana, na kati ya vitu vichache walivyokuja navyo ni hicho. Mtoto anamsalimu mkubwa kwa sauti ya chini, macho yakiwa ardhini. Mkubwa anaitikia. Asiyeitikia salamu yako ana neno nawe, tena neno zito kiasi kwamba hawezi kulitamka. Mtu anaweza kukutukana asubuhi na jioni mkala sahani moja. Lakini akiinyamazia salamu yako, jua amekutoa moyoni.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba aliacha kunijibu.

Haikuja kwa siku moja. Aliitikia leo, kesho akapita. Halafu ikawa anapita siku tatu mfululizo, ananiachia mfuko mikononi bila neno na kwenda kunawa. Nilibaki langoni nikiangalia alama za viatu vyake za unga kwenye vumbi.

Sababu niliijua, au nilidhani ninaijua. Mwaka huo nilianguka shuleni. Siku ya kutangazwa matokeo baba aliitazama karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Nilipaswa kurudia darasa la tano, mimi niliyebeba jina la mama yake. Angenichapa ningeelewa. Alichokifanya ni kutonijibu, na kwa akili yangu ya kitoto nilielewa kwamba jina la bibi yangu nimenyang'anywa.

Kwetu anayeomba msamaha haendi mikono mitupu, anakwenda na kuku. Mimi kuku sikuwa naye. Nilikuwa na yai, nililoliokota kwenye kona ya lupango, na lupango ndivyo tunavyouita ua wa nyumba mjini kwetu. Jumapili moja baada ya misa nikalifuta kwa gauni langu, nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikainamisha kichwa na kulinyoosha kwa mikono miwili. Nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga kwa wiki nzima. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ndivyo adabu inavyotaka.

Baba alilichukua yai. Akaligeuzageuza juani.

"Kuku njo banaanza kutaga?" akasema. "Muzuri. Upelekee mama yako apike."

Alilila asubuhi hiyohiyo, pamoja na mkate. Nilimtazama akitafuna msamaha wangu na sikuwahi, si kabla wala baadaye, kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu siku ile.

Hasira yangu mimi hailali. Mama alizoea kusema nimeirithi pamoja na jina. Wiki ile wavulana wa avenue yetu walikuwa wamepagawa na pikipiki. Mji ulikuwa umejaa mansebas, yaani vijana wa pikipiki za teksi, na kila mvulana mwenye baiskeli alitaka ingurume kama zao. Niliwatazama wakifunga vipande vya boksi, ambavyo ni upuuzi mtupu, nikaona makosa yao yote. Jumapili iliyofuata baba alikuwa ameketi uani akiota jua, mgongo kwa lango. Baiskeli yake ilikuwa ukutani. Baiskeli hiyo hatukuigusa; ndiyo iliyompeleka kazini, na aliyeiangusha alijua atakula fimbo.

Ndiyo maana niliichagua. Nilitaka anipige. Kama hawezi kunijibu kwa mdomo, basi anijibu kwa mkono, nijue angalau kwamba ananiona.

Nikakata bidoni ya mama ikiwa bado na mafuta kidogo chini, kosa jingine nililolifanya kwa makusudi. Nikaharibu kandambili yangu mwenyewe. Nikafunga, nikakaza, nikapitisha mguu chini ya bomba la katikati kwa sababu kiti sikukifikia, nikaanza kuendesha nikizunguka nyuma yake, karibu kabisa na kiti.

Bidoni ikanguruma. Kuku wakakimbilia jikoni.

Baba akageuka. Akasimama, uso wake umefunguka, akatazama upande wa lango kama mtu anayengoja mgeni.

"Pikipiki ya nani iko mu lupango?" akauliza.

Nilisimamisha baiskeli. Aliiona, akaniona mimi, akaliona gurudumu. Nikangoja fimbo. Akainama, akashika ile plastiki kwa vidole viwili, akazungusha gurudumu polepole huku akitega sikio karibu yake, tak, tak, tak. Akazungusha tena kwa nguvu. Alikuwa akitabasamu. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akanipa mgongo, na fimbo haikuja.

Nikasema, "Papa."

Hakugeuka.

Nikasema tena, kwa sauti kubwa ambayo mtoto hathubutu kumtolea mzazi. "Papa!" Mama alitoa kichwa jikoni. Baba hakutikisika. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono, na shingo yake ikageuka papo hapo.

Nilifanya hivyo mara tatu. Jina lake, hapana. Gurudumu, ndiyo.

Nitasema kilichonipata, ingawa si kizuri kukisema. Nilifurahi. Baba yangu alikuwa kiziwi, ngurumo nzito tu ndizo zilizobaki kumfikia, na mimi nilisimama pale nimeshika baiskeli huku moyo wangu unaruka kwa furaha, kwa sababu hakuwa amekasirika. Aibu ilinijia baadaye, jioni, nilipomwona akinawa unga masikioni.

Mama alikuwa ameona yote. Aliniita jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaziba mdomo kwa kitenge. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, halafu akalia kweli. Naye kumbe alikuwa na hesabu zake. Alimsemesha mumewe kitandani hapati jibu, akimwuliza jambo anaambiwa jingine. Sikuzote alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo aliokuwa akiungoja ni mwanamke mwingine kuja kubisha hodi.

"Miye nilizania iko na mwanamuke ingine," akasema. "Shi kumbe ni moulin, ile mashine ya kusaga, njo ilimukula masikio."

Kisha akanishika mkono na kunikanya. "Usimwambie mutu. Hata yeye usimwambie. Mwanaume habamwambiake ile kintu mu macho."

Kwa hiyo hatukumwambia. Naye hakusema. Redio aliyoipenda ilikaa ukutani bila betri, na ukimwuliza kwa ishara alijibu kwamba habari ni zilezile. Kazini hakuna aliyejua, maana mle kila mtu ni kiziwi mpaka saa ya kufunga. Barabarani tulimwekea mmoja wetu wa kumsindikiza kila asubuhi, kwa kisingizio hiki au kile.

Ila salamu zilirudi. Bidoni ilibaki kwenye gurudumu. Asubuhi kabla hajatoka, na jioni akishaiegemeza baiskeli ukutani, nililizungusha gurudumu kwa mkono, akageuka. Hapo ndipo nilipomsalimu, macho nikiyainua, kinyume cha adabu yote niliyofundishwa, ili auone mdomo wangu. "Jambo, papa." "Jambo sana, mama." Majirani walisema yule mtoto hana heshima, anamkodolea baba yake macho. Niliwaacha waseme.

Plastiki iliisha, nikafunga nyingine. Kandambili zetu zote ziliishia pale. Nilimaliza shule, nikapata kazi katikati ya mji, kwenye duka la vitambaa, na niliporudi jioni mkono wangu ulikwenda kwenye gurudumu kabla hata sijaweka mkoba chini. Tulikuwa watu wazima sote, na bado hakuna aliyelitamka jambo lile.

Kiangazi kilichopita alilala kitandani na hakuamka tena kufanya kazi. Kifua. Unga ule ule uliotulisha. Niliiingiza baiskeli chumbani, mama akalalamika kuhusu matope, nikaiweka karibu na miguu ya kitanda. Alasiri moja nililizungusha gurudumu, akafungua macho, nikamsalimu, akaitikia. Halafu akanionyesha niketi. Sauti yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa hakujua tena kuipima.

"Mama, miye nilizania ni ninyi."

Sikuelewa. Nikamwonyesha kwa mkono: sisi nini?

"Ile mwaka yote. Nilikuwa nafika ku nyumba, kimya. Mutoto anakamata mufuko, anaangalia chini, haniambie jambo. Weye, wa jina ya mama yangu. Nikasema, basi, banakwisha kunichoka. Iko baba wa unga tu, hana kintu." Akapumzika. "Sikujua ni masikio. Nilijua siku uliweka ile bidoni."

Nilishika ukingo wa kitanda. Miaka yote hii nilikuwa nimeibeba hadithi hiyo kama yangu peke yangu, mtoto aliyenyimwa salamu. Kumbe langoni walisimama wawili, kila mmoja akingoja mwenzake, kila mmoja akidhani amefukuzwa. Nililia mbele yake bila kujificha.

Akaningoja nimalize. Kisha akauliza, "Ile siku ya yai, ulipiga magoti. Ulisema nini?"

Kumbe alikuwa amelikumbuka. Nikafuta uso, nikasogea mpaka mdomo wangu ukawa mbele ya macho yake, nikayasema polepole maneno ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, jinsi yalivyokuwa. "Papa, pardon. Nilianguka ku masomo, niliharibu jina ya bibi. Unijibu tena jambo."

Alitazama midomo yangu mpaka mwisho. Mkono wake ukatafuta gurudumu. Ukaligusa, likalia mara moja.

"Jambo sana, mama," akasema. "Ya leo, na ya ile siku zote."