Majoho ya Kwaya kwa Bi Asumini

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka huwa naacha ninachokifanya na kutabasamu peke yangu. Ni siku ambayo wanakwaya wa kanisa letu hapa Songea tulikaa kikao kuamua majoho ya jubilei tuyapate wapi. Utasema, majoho tu! Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa msichana kutoka Namtumbo, kwenye mashamba ya tumbaku ya baba yangu, nimekuja mjini kujifunza ushonaji kwa Bi Asumini. Alikuwa mama wa Kiyao kutoka Namasakata, kule Tunduru, mjane na mtu wa swala tano. Alikuwa mpole, ila kwenye pindo hakuwa na mchezo. Pindo likienda upande analifumua bila neno, anakurudishia nguo uanze upya. Chumba chake cha kushonea kilikuwa karibu na soko. Wasichana wachache tulijifunza pale, na cherehani zile ndizo zilizotulisha.

Wakati huo kazi ilikuwa imepungua sana. Watu walizipenda nguo zilizoshonwa tayari, zinazokuja na mabasi kutoka Dar es Salaam. Sisi tulibaki na viraka na zipu za kubadilisha. Asubuhi moja Bi Asumini alituita, akasema taratibu, "Wanangu, mwisho wa mwezi nafunga. Narudi kwetu nikalime. Kila mmoja awaambie wazazi wake." Nililia, mwanangu. Yeye akifunga, mimi narudi kwenye tumbaku kabla hata sijajua kukata gauni.

Kikao cha kwaya kilikuwa wiki hiyohiyo. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, kwa hiyo nilikuwepo. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu kijana, mgeni kutoka Kilimanjaro, mtu mwenye bidii na moyo mzuri. Alituonyesha picha ya majoho kutoka duka moja la Dar, ya zambarau yenye kola nyeupe, na wote tukayapenda palepale. Nilitamani kumtaja Bi Asumini, lakini mbele ya wakubwa ulimi ulikuwa mzito.

Ndipo akasimama Mzee Haule, aliyekuwa akiimba besi tangu wengi wetu hatujazaliwa.

"Mwenyekiti, majoho ni mazuri," alisema. "Ila nina swali. Bi Asumini mmemuuliza kama anaweza kuyashona?"

"Hapana, mzee. Hatukumfikiria."

"Mke wangu alipofariki, nguo niliyomzikia aliishona yeye. Aliacha kazi zake zote, akashona huku machozi yanamtoka, kisha akaja kukaa na akina mama msibani mpaka tulipoanua matanga. Huyo wa Dar hajui hata kama niliwahi kuwa na mke. Sisemi tumpe kazi kwa kumhurumia. Nasema tumuulize kwanza. Akishindwa, tuagize huko."

Mwalimu aliikunja ile picha, akaitia mfukoni. "Mzee, umesema kweli. Kesho nitakwenda mwenyewe."

Na kweli alikuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Bi Asumini aliisogeza picha kwenye mwanga, akaitazama weee. "Hii naweza," alisema. "Ila nisikudanganye, kitambaa hiki sina. Nipe nafasi nikitafute."

Mwalimu akakubali, nasi tukaingia sokoni kukitafuta. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Kazi ile haikuishia chumbani kwetu. Muuza vitambaa alichangamka, muuza vifungo naye akapata, baba mmoja mpiga pasi ya mkaa akaongeza msaidizi, na mama lishe wa jirani akawa anatuletea wali na maharage kila mchana. Mtaa mzima ulikuwa unaulizana, majoho yamefika wapi?

Siku ya kuyajaribu, majoho ya wanaume wa besi yaliwabana mabegani. Nilidhani Bi Asumini atatafuta wa kumlaumu. Hakumtafuta mtu. Alifunga cherehani kwenye baiskeli, akaja kukaa kwenye baraza la kanisa, akafumua na kushona mchana kutwa huku mke wa mchungaji akimletea chai. Mwalimu alikaa pembeni yake, amemshikia kitambaa.

"Mama," alimwambia, "haya yangetoka Dar, saa hizi ningekuwa namlilia nani?"

Wakacheka mpaka Bi Asumini akavua miwani afute macho.

Jumapili ya jubilei alisimama nje, karibu na dirisha. Tulipotoka nikamuuliza kama nyimbo zimempendeza. "Nilikuwa naangalia mapindo," akanijibu, "lakini nadhani mmeimba vizuri."

Mwisho wa mwezi ulipofika, hakuna aliyetaja habari ya kufunga, maana shule moja ilikuwa imeleta sare na bibi harusi mmoja alikuwa anasubiri kupimwa. Nikabaki. Nikajua kukata gauni, nikajua suti, na baada ya miaka nikafungua chumba changu hapahapa mjini, mtaa wa Mjimwema. Wasichana niliowafundisha wengine leo wana wanafunzi wao.

Sasa nawaona nyie mnaagiza kila kitu kwa simu. Sikatazi. Simu ina faida zake, na mimi mwenyewe wateja hunitumia picha humohumo. Ninachokuomba, mwanangu, ukihitaji kitu anza kuuliza hapa mtaani. Kazi ikiwa mbaya, mwambie fundi usoni, kwa adabu, arekebishe. Usimkimbie kimyakimya. Na wewe ukifungua biashara yako, ukimwahidi mtu Ijumaa iwe Ijumaa, kwa sababu ujirani peke yake haumrudishi mteja. Unachonunua hapa kinamfundisha kazi binti ambaye pengine humjui, na siku ya shida, wenye maduka haya ndio utakaowakuta wamekaa na wewe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe majirani wema na akufanye jirani mwema. Akujalie uzeeke katika mji huu ukiwa unajulikana kwa jina lako, na watoto wako wapate pa kujifunzia.