Ufuta Uliofungwa Ungali Moto

Tangu mumewe azikwe, Germaine hakuwa ameshika sufuria ya sukari. Alipoishika tena, siku chache baada ya Pasaka, hakuishika kwa hamu ya utamu. Aliishika kwa sababu ya Princesse.

Princesse alikuwa jirani yake katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, mtaa wa Panda. Nyua zao ziligawanywa na ukuta mfupi uliomfikia mtu kifuani. Kashata za ufuta, ambazo watu wa kambi huziita bombo, Princesse alijifunza kuzipika kwa kuegemea ukuta huo na kutazama. Hilo Germaine angelisamehe. Hakulisamehe neno alilolieneza. Kila mwaka, watoto waliopokea komunyo ya kwanza walipotoka kanisani, ni Germaine aliyewagawia kashata. Mwaka huu Princesse alipita nyumba kwa nyumba akisema, kwa sauti ya huruma, kwamba matanga ya mjane huyo hayajaondolewa, na kwamba mikono iliyofumba macho ya maiti haifai kumlisha mtoto aliyevaa nyeupe. Mama Hélène, msimamizi wa sherehe, alikuja kuchukua sinia za parokia ambazo Germaine aligawia kashata, bila hata kuketi.

"Si minye, Mama Jenny," alimwambia Germaine, akiwasukumia watu lawama. "Njo vile bantu banasema."

"Banasema," Germaine aliitikia, akamkabidhi sinia zote, zikiwa zimeoshwa na kufutwa.

Hakulia wala hakwenda kumlaumu mtu. Aliufahamu udhaifu wa Princesse: mwanamke yule aliiga mikono, hakuwahi kuuliza sababu.

Alhamisi alitoa nje mbabula, jiko lake la makaa, akaiweka karibu kabisa na ukuta. Alichambua ufuta, akauosha mchanga ukaisha, akauanika, kisha akaukaanga kwa moto mdogo hadi mbegu zikaanza kuruka. Aliyeyusha sukari ikafikia rangi ya chai kavu, akakamulia ndimu, akachanganya, akamwaga juu ya ubao uliopakwa mafuta na kutandaza kwa chupa. Hadi hapo hakudanganya chochote. Kichwa cha Princesse kilikuwa kimekwisha kujitokeza, ingawa nguo alizojifanya kuanika zilikuwa kavu tangu asubuhi.

Germaine alikata vipande. Kisha, badala ya kuviacha vipoe, akachukua nailoni na kuvifunga vikiwa bado vinatoa mvuke.

"Mama," binti yake Jenny alishangaa, "si itatoka jasho?"

"Weye unajua nini? Mvua ingali. Ukingoja ipoe, baridi yote inaingia mu bombo. Unafunga ingali moto, njo inabakia kavu."

Jenny alimtazama mama yake, akautazama ukuta, akainama haraka kuokota mbegu ambazo hazikuwa zimeanguka.

"Yaya Germaine," Princesse alicheka, akimwita kama dada mkubwa, "mu matanga unapika bombo? Nani atakula?"

"Nitakula minye."

Jumamosi, Princesse alipokuwa akipika zake za komunyo, Germaine alipika upya ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Aliziacha kashata zikapoa kabisa, ndipo akazipanga katika mkebe wa maziwa na kuukaza mfuniko.

Jumapili, mbele ya kanisa, Princesse alisimama na beseni lake, amevaa kitenge kipya. Watoto walifungua. Nailoni ilikuwa imelowa kwa ndani, na kashata ilijipinda kama ngozi ya kiatu. Iling'ang'ania meno, iling'ang'ania vidole, ikachora nyuzi za kahawia kwenye magauni meupe. Mtoto mmoja aliuliza kama ile ni gundi. Princesse alijaribu kubandua kipande kwa ukucha, kikabaki na ukucha.

Germaine alikuwa ameketi pembeni, mkebe mapajani. Alitoa kashata moja, akaivunja. Ilipasuka kwa mlio mkavu. Akavunja nyingine, bila kumwita mtu. Watoto walisogea wenyewe, na Mama Hélène akaja nyuma yao, mkono umenyooshwa.

"Mikono iko ya matanga, Mama Hélène. Hauogope?"

Mama Hélène alitazama magauni, akawatazama wazazi, kisha akawaonyesha watoto. "Patia bana, mama."

"Sema kwanza. Kule ulisema polepole. Hapa useme kwa nguvu."

Mwanamke yule aliwageukia watoto. "Bana, kujeni mukule bombo ya Mama Jenny."

"Na mikono?"

"Mikono iko muzuri," Mama Hélène alisema, na uwanja mzima ukasikia.

Ndipo Germaine akagawa.

Alasiri, Princesse alikuja ukutani, bila nguo za kuanika.

"Ulifanya makusudi."

"Minye nilifunga yangu. Weye ulikuwa unaanika manguo."

Princesse alikwangua ukucha wake ukutani. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Sasa bantu banafunga wakati gani?"

Kipande kimoja kilikuwa kimesalia mkebeni. Germaine alikitoa na kukikagua pande zote.

"Matanga ikiisha, kuja uniulize," alisema.

Kisha akakitia kinywani, akakitafuna taratibu, kwa sauti, hadi kichwa cha jirani kikaondoka juu ya ukuta.