Walinzi wa Migomba

Harufu yenyewe ni ya siki kali, inawasha pua. Juzi, hapa kwangu Sekei, niliinua chungu cha maua, mbawakawa mweusi akatimua mbio. Nikamdaka kwa mazoea ya zamani, naye akaniachia harufu ile vidoleni. Nilinawa kwa sabuni mara mbili. Wapi!

Basi niwaambie. Nikiwa na miaka tisa, kule Olmotonyi, kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuua fukusi wa migomba, wadudu ambao mabuu yao hutoboa shina chini hadi mgomba ukaanguka. Mama alipasua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, akalilaza kifudifudi shambani. Fukusi walijikusanya chini yake, mimi nikaliinua na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Ndizi za mwaka ule zilikuwa za kipaimara cha kaka yangu Elia, na Mama alishatangaza kanisani kwamba hanunui hata mkungu mmoja.

Sasa, fukusi ni mdogo, tena ukimgusa anajifanya maiti, unampoteza kwenye udongo. Lakini chini ya mashina yale waliishi pia mbawakawa wakubwa, weusi tii, wenye mbio. Hao walijaza kopo upesi. Mama alichungulia tu, akaniita mbele ya wenzake wa kwaya: "Mwoneni huyu! Shamba langu liko mikononi mwake." Kichwa kikanivimba.

Zilipobaki wiki mbili, migomba ikaanza kuanguka, mikungu ikiwa bado michanga. Baba Mdogo, aliyekuwa akiotesha miche ya miti, akamwaga kopo langu chini na kuchambua kwa kijiti.

"Shemeji, fukusi ni wanne tu. Hawa wengine ndio wanaokula mabuu ya fukusi. Mtoto ametuulia walinzi."

Mama akaguna, akaenda kukamua ng'ombe. Nilingoja fimbo, haikuja.

Siku ya kipaimara tulikula ndizi za sokoni. Mwanakwaya mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Elia, zako ziko wapi?"

"Upepo," Mama akajibu, akinipakulia nyama. "Umeangusha zote."

Wiki nzima jani halikutikisika. Nikadhani anaficha aibu yake. Nilipopata mtoto wangu ndipo nilipoelewa: angesema "ni huyu", wangenicheka mimi, naye angebaki safi. Mama yangu, asiyekosa ibada, alidanganya siku ya kipaimara kwa ajili yangu.

Kesho yake alinipa kopo kama kawaida.

"Safari hii," akasema, "wadogo tu."