Agathe Anajipikia

Huko Kadutu, mtaa wa mji wa kando ya ziwa, ambako nyumba zimepandana mlimani hadi paa la mmoja liko usawa wa mlango wa mwingine, Agathe M'Bisimwa alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza lilisemwa kwa sauti kubwa: hakuna mushonaji mwingine aliyeweza kukata libaya, blauzi ya kitenge, ikamkaa mwanamke mnene kama ilivyomkaa mwembamba. La pili lilisemwa kwa chini: yule dada ana kifafa.

Ugonjwa ulimpata angali mtoto wa shule. Alipovunja ungo, wa kwanza kati ya rafiki zake, alianguka juu ya mbabula, jiko la makaa, iliyojaa makala ya moto, na mkono wake wa kushoto ukabaki na kovu kutoka kiwiko hadi kifundo. Tangu siku hiyo mama yake alimkataza kukaribia jiko. Mama alipofariki, kaka yake Zagabe alimchukua nyumbani kwake na kuichukua amri ile pia. Agathe alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, kwa kuwa watu waliamini kifafa hupita kwenye mate. Hakubishana nao. Alikula, akarudi kwenye mashini yake, akakanyaga pedali.

Alimeza vidonge vyake bila kuruka hata kimoja, na vidonge vilifanya kazi nusu. Mwezi haukuisha bila kumwangusha mara kadhaa. Aliwahi kuanguka mbele ya mteja akiwa na makasi mkononi. Alipozinduka mteja alikuwa amekwenda na kitambaa chake, na hakurudi tena. Agathe alitimiza miaka thelathini na sita akiwa anajua kabisa anachokitaka: alitaka kwenda mahali peke yake, na kurudi peke yake, bila mtu kumtuma mtoto amfuate nyuma.

Daktari aliyempokea mwaka ule aliitwa Raphaël, mtu mpole mwenye tabia ya kuchora mambo kwenye karatasi wakati anaeleza. Alimchorea kichwa cha mtu, akachora na jiko ndani yake. Ubongo, alisema, huchoma sukari kama mbabula inavyochoma makala. Lakini mtu akipunguza sana vyakula vya unga na sukari, akala mafuta kwa wingi, mwili huanza kuchoma mafuta yale na kutengeneza kitu kinachoitwa ketoni. Ubongo unaweza kuishi nazo, na kwa baadhi ya wagonjwa ambao dawa peke yake haiwatoshi, kuanguka hupungua. Wengine hawaoni tofauti yoyote. Kwanza angempima damu, figo na ini, kwa kuwa chakula hiki si cha kila mtu.

"Dawa hatuache," alisema. "Chakula tunaongeza tu juu ya dawa. Miezi tatu ikipita bila kitu, unarudia bugali yako, hakuna haya. Lakini nusu-nusu hapana."

Agathe aliuliza swali moja tu: atajuaje kama mwili umekubali? Daktari akamwonyesha kichupa cha bandeleti, vijiti vyembamba vya karatasi vyenye kipande cha rangi ya maziwa kwenye ncha. Unakilowesha kijiti kwa mkojo, unangoja kidogo, unalinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kichupa. Kikibaki vilevile, hakuna ketoni. Kikigeuka waridi, zimeanza. Kikiwa zambarau, ziko nyingi. Na akitapika asiweze kunywa maji, au akilegea kupita kawaida, asitazame kijiti chochote, aje hospitali.

Majibu ya damu yalitoka mazuri. Ndipo vita vikaanza nyumbani.

Zagabe alicheka kwanza, halafu akakasirika. Mushi, mwana wa kabila la Bashi, asiyekula bugali, alisema, ataishi na nini, na upepo wa ziwa? Mkewe Priscille, ambaye mtaani wote walimwita Maman Sagesse kwa jina la binti yake, aliendelea kuchambua mboga. Yeye ndiye aliyepika katika nyumba ile, na tangu aolewe alikuwa hajawahi kumwachia mtu aondoke mezani kwake na nafasi tumboni. Agathe alimweleza vyakula vyake: sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, mayai, nyama yenye mafuta, avoka, mboga ya lenga-lenga iliyopikwa kwa mawese, na mashanza, ile jibini ya Bashi, kipande kidogo. Bugali hapana, muhogo hapana, ndizi hapana, maharagi hapana, chai bila sukari. Priscille alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kichwa kilimgonga, miguu ikamkaza usiku, na mashini ikawa nzito kana kwamba anakanyaga pedali ndani ya matope. Harufu ya bugali ikitoka jikoni machozi yalimlengalenga. Daktari alikuwa amemwonya: mwili unapobadilisha moto hupoteza maji na chumvi. Akamwambia anywe mchuzi wa mifupa wenye chumvi, na maji mengi, basi akanywa. Kila asubuhi alilowesha kijiti, na kila asubuhi kikabaki rangi ya maziwa.

Halafu asubuhi moja kikabadilika. Agathe alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda miaka akichagua nyuzi. Haikuwa waridi ya kichupa, ilikuwa hafifu zaidi, waridi ya uzi wa kushonea nguo za ubatizo. Lakini ilikuwa rangi. Kufikia mwisho wa juma lile kijiti kilikuwa kinakaribia zambarau, maumivu ya kichwa yalikuwa yameondoka, na aliweza kukaa kwenye mashini tangu asubuhi hadi saa ya kula bila kuhisi njaa. Bandeleti zilikuwa adimu mjini, kwa hiyo alichukua makasi yake makali akapasua kila kijiti katikati kwa urefu, kimoja kikawa viwili. Daktari alipoona alitabasamu, akasema wagonjwa wengi hujaribu ila wengi wao hukata vibaya.

Mwezi wa kwanza alianguka mara moja tu. Agathe hakusherehekea, alijua mwezi mmoja unaweza kudanganya. Lakini alianza kupokea kazi za harusi, ambazo zamani aliziogopa kwa sababu hazingojei.

Kisha rangi ikapotea. Asubuhi kijiti kilikuwa cha maziwa, kesho yake vilevile, na keshokutwa akaanguka chini ya meza ya kukatia na kujipasua nyusi. Zagabe akasema sasa imetosha, majaribio yamekwisha. Agathe, akiwa na plasta juu ya jicho, alimwomba amwache kwanza afikiri. Hakuwa amebadilisha chochote. Hakula pipi, hakunywa dawa ya kikohozi yenye sukari, hakuonja kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kilio cha jirani. Akajiuliza kama mushonaji anavyojiuliza nguo inapobana ilhali vipimo ni sahihi: basi kosa liko kwenye kitambaa.

Jioni alichukua sahani yake ya nyama, akainamisha. Mchuzi haukutiririka. Ulijivuta taratibu, mzito, wa kung'aa. Alichovya kidole, akausugua kati ya vidole viwili, akaujua unga wa muhogo hata kabla ya kuuonja.

Hakupaza sauti. Alimfuata Priscille uani, ambako alikuwa akiosha vyombo, akaweka sahani chini mbele yake. Priscille aliitazama, akaacha mikono ndani ya maji.

"Niliweka," alisema. "Kijiko moja, kila mangaribi. Nilikuwa nakuona unaisha, nguo zinakuanguka. Nikaogopa utanifia mu mikono, na watu ya kwenu waseme nilikunyima chakula."

Agathe alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini hasira haikuja. Mwanamke huyu alikuwa amemwokota sakafuni mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, akamfuta povu mdomoni kwa ncha ya kikwembe chake mwenyewe, wakati wengine walisimama mbali.

"Mulamu, mi siko na njaa," alimwambia wifi yake. "Ile kijiko njo inaniangusha. Kuanzia kesho nitajipikia."

"Na moto?"

"Mbabula itakaa pale mbali na ukuta. Weye utakaa karibu yangu."

Zagabe alikataa, kama ilivyotarajiwa. Aliushika mkono wa Agathe akamwonyesha kovu, kana kwamba alikuwa amelisahau. Ni Priscille aliyemjibu mumewe, kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida kati yao, kwamba yeye ndiye atakayekaa pale, na kwamba mwanamke mwenye umri ule hawezi kuchungwa kama mbuzi. Zagabe akatoka kwenda kutembea. Aliporudi, nyumba ilinuka sambaza.

Basi wakapika pamoja, mmoja akikaanga, mwingine ameketi kwenye kigoda umbali wa mkono. Mikono ya Agathe ilikuwa migeni kwa sufuria. Aliunguza mayai, akatia chumvi mara mbili kwenye lenga-lenga. Priscille alimfundisha kusikiliza mafuta ili ajue yamekuwa tayari. Kwa kuwa walikaa karibu vile, walizungumza, na Agathe akajua mambo mengi ambayo miaka yote hakuyajua, kama vile kwamba Priscille aliwahi kutaka kuwa muuguzi. Rangi ilirudi kwenye kijiti. Sagesse ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchota sambaza kwenye sahani ya shangazi yake kwa vidole, mbele ya wote, na hakuna aliyemzuia.

Miezi mitatu ya daktari ilipita, wakaongeza mingine. Agathe hakupona, alianguka tena msimu wa mvua, baada ya kukesha na nguo za kwaya, na Raphaël akamkumbusha kwamba usingizi nao ni dawa. Lakini sasa miezi mizima ilipita bila kitu. Akaanza kushuka peke yake sokoni. Kisha hadi Nguba, mtaa mwingine wa mbali. Kisha ikaja kazi ya Katana, nje ya mji.

Bibi harusi aliitwa Ornella, na hakuweza kutoka Katana kuja kujaribu nguo yake. Agathe alisema ataipeleka mwenyewe. Nyumbani Priscille akaanza kumfungia mayai ya kuchemsha na avoka za njiani.

Kwa akina Ornella walimpokea vizuri. Baada ya kujaribisha nguo walimkaribisha mezani, na mama wa bibi harusi mwenyewe akamsogezea bugali, kubwa, inayotoa mvuke. Zamani Agathe angesema tumbo linamuuma. Njiani alikuwa ameshaandaa hata uongo mwingine, juu ya sukari ya damu, ugonjwa ambao watu wanauheshimu. Aliwatazama wanawake wale, akaona hauhitaji.

"Bugali sikulake, maman," alisema. "Niko na kifafa. Hii chakula yangu inanisaidia, pamoja na dawa."

Shangazi mmoja alivuta sahani yake kuelekea kifuani. Agathe aliona, akaendelea kunawa mikono. Mama wa Ornella aliita jikoni waongeze samaki na mboga, watie mafuta ya kutosha. Naye Ornella, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye Jumamosi, aliinua bega.

"Sawa. Sasa huu mukono ya kuume, utaukaza ao utabaki hivi?"

Agathe aliukaza baada ya kula. Alipokuwa akikunja vitu vyake, mwanamke aliyekuwa akigawa maji alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa na binti anayeanguka, wanamfungia ndani. Aliuliza aache kumpa bugali leo hii? Agathe alimwambia hapana, asijaribu peke yake, mtoto anaweza kuumia; aanze na daktari, dawa kwanza, na chakula kama daktari ataona kinamfaa. Akamwandikia namba ya simu ya Raphaël mgongoni mwa kiganja. Na mlango, alimwambia, ufungue tangu leo.

Katika safari ya kurudi, walipokaribia Kavumu, gurudumu la taxi lilipasuka. Abiria walishuka, wakakaa kwenye nyasi wakimlaumu dereva, Agathe akiwa kati yao na avoka yake ya mwisho. Simu ikalia. Ni Zagabe, akitaka kujua yuko wapi, na nani, na kama amwendee. Agathe alimweleza mambo ya gurudumu, akamwambia asimwendee; wale chakula wasimngojee, atafika akifika.