Taka za Bi Kidawa, na Nywele Ndani Yake

Bi Kidawa wa mtaa wa Mpendae hakuzaliwa fundi. Aliolewa na fundi. Mumewe, Silima, wakati wa vita vya Wazungu aliendesha na kutengeneza huko bara malori yaliyokwenda kwa gesi ya makaa, petroli ilipokosekana. Alifariki mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, akamwachia mjane wake pipa la chuma, injini ya pampu na dinamo ya lori. Wifi yake Mwamvua akamwambia auze chuma chakavu anunue kanga. Bi Kidawa akanunua balbu.

Alikuwa na sababu. Darasa la kisomo cha wanawake lilikuwa barazani kwake, baada ya magharibi, maana mchana tuko jikoni. Mimi, kwa madarasa yangu machache, ndiye niliyefundisha. Mafuta ya taa leo yapo, kesho hayapo. Bila taa, hakuna darasa.

Pipa lile halikuwa na ajabu. Unajaza taka kavu, matambara, karatasi, majani, unatia moto chini na kuubania hewa, zisiwake, zifuke tu. Moshi wake una gesi. Unapitishwa kwenye maji ili uache masizi, gesi inaingia kwenye injini, injini inazungusha dinamo. Linanuka, sisemi uongo. Lakini nani kati yetu hajakaa na moshi?

Makumbi ya nazi watu wanayafukia pwani yaoze wasokote kamba, vifuu wanapikia, kwa hiyo Bi Kidawa alipita nyumba kwa nyumba na gari la mkono kuomba taka. Mwamvua akapita nyuma yake. Taka za ndani zina nywele na kucha, akasema. Mwenye kukuchomea nywele kakuchomea nyota yako. Milango ikafungwa. Balbu zikazimika, na darasa likafa.

Basi alasiri moja Bi Kidawa akatuita uani kwake, wanawake peke yetu. Akafumua nywele, akachana, akaviringa zilizotoka, akakata na kucha, vyote ndani ya pipa juu ya taka za nyumbani kwake, akatia moto.

"Unajimaliza, Kidawa," Mwamvua akasema kutoka mlangoni.

"Sogea, wifi, uone vizuri. Nyota yangu nnaitia mwenyewe. Taa ikiwaka utasema nini?"

"Ntasema huna adabu."

"Hilo mmelijua tangu mliponioa."

Injini ikakohoa, ikashika. Balbu ikawaka mchana kweupe.

Kesho yake Mwatum, jirani yetu, alileta pakacha la taka. Bi Kidawa akazipekua, akamrudishia.

"Hizi umezichambua kama mchele wa harusi. Anayetaka kusoma kwenye taa yangu alete taka alivyozifagia, na nywele zake ndani. Anayeniogopa akae kizani."

"Bibi, taka tunazitafuta, wewe unazikataa?" nikamwuliza.

"Nnakataa kuitwa mchawi."

Siku zikapita bila darasa, hakulegeza. Mwatum ndiye aliyerudi kwanza, nywele juu ya pakacha, kila mtu azione. Wengine wakamfuata.

Mwamvua alikuja wa mwisho, mikono mitupu, akakaa nyuma kabisa.

"Wifi, taka zako," Bi Kidawa akasema.

Darasa zima likageuka. Mwamvua akavua kanga kichwani, akaomba chanuo, akachana, akaviringa zilizotoka.

"Chukua," akasema. "Na usitangaze kuwa ni mvi."