Maundu na Kanda ya Harusi ya Werugha

Mume wangu Maundu hawezi kutupa kitu. Nimeishi naye hapa Voi miaka thelathini na minane na sijamwona akitupa hata kifuniko cha kalamu. Kwa hivyo mtu asiniulize kwa nini chumba kilichopaswa kuwa cha wageni kimejaa kanda za video mia sita na kitu, zimepangwa ndani ya katoni za mafuta ya kupikia, na wageni wetu wanalala sebuleni kwa kochi miguu ikining'inia.

Alikuja kutoka Kibwezi akiwa kijana mwembamba wa kupiga picha za kitambulisho. Mwaka wa tisini na moja akanunua kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, na tangu hapo kukiwa na harusi, mazishi au harambee ya kanisa kuanzia Mraru mpaka Taveta, aliyeitwa ni Maundu. Watu wa milimani, Wadawida, walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Wapiga video wengine walichukua bibi harusi na keki, wakazima. Yeye aliiacha kamera izunguke mpaka kwa akina mama wanaomenya viazi, mpaka kwa wazee waliokaa nyuma ya nyumba na mambo yao. Nilikuwa nikimgombeza. "Baba Muinde, kwani hao wazee ndio wanaooa?" Anacheka tu.

Sasa wazee wale karibu wote wametangulia. Ndiyo maana miaka sita iliyopita, alipofungua katoni moja akakuta ukungu mweupe umeota kwenye kanda kama mkate uliosahauliwa kabatini, hakula siku mbili. Haki ya Mungu, siku mbili! Nilidhani ananiugulia. Kisha akatafuta deki nzuri ya kuchezea kanda, akatafuta kakifaa ka kuunganisha deki na kompyuta, akaanza kuzisafisha na kuzihamisha moja moja. Kanda ya saa tatu inachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Akimaliza anaipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, maktaba ya filamu za zamani ambapo mtu yeyote mwenye simu anaangalia bure. Anaandika kijiji, mwaka, na majina ya wote anaowatambua. Na ana sheria yake: hapandishi kitu kabla hajapigia familia simu na wakakubali.

Watu huandika pale chini. Mtu yuko Doha anaandika, "Huyo wa kofia ni babu yangu, sijawahi kusikia sauti yake." Maundu hunisomea huku macho yamemlowa. Mimi humjibu kwamba ni sawa, lakini vumbi la katoni anapanguza nani?

Nasema haya mumjue ni mtu wa namna gani, kabla sijasema nililomfanyia.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba simu yake iliita tukiwa tumekaa mlangoni. Alikuwa mwanamke wa Mahoo, huko upande wa Taveta, anaitwa Wakio. Alisema alikuwa akiangalia kwenye simu mazishi ya mwalimu mmoja wa Werugha, kule milimani, kwa sababu yeye ni mzaliwa wa huko, na nyuma ya waombolezaji akamwona baba yake marehemu akipita na fimbo, anacheka na mtu. Akarudisha. Akarudisha tena mpaka bando ikaisha.

"Mzee Maundu," akasema, "harusi ya ndugu yangu Titus, Werugha, Agosti tisini na saba. Ni wewe uliyepiga?"

"Ni mimi."

"Unayo?"

"Mama, mimi situpi kitu. Njoo kesho."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Bakuli likanitoka mkononi, maharagwe yote chini. Maundu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mikono ya uzee.

Wee! Hiyo haikuwa mikono ya uzee. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya kanda ile nilikuwa naijua mimi peke yangu. Kanda za video zina kijino cha plastiki pale nyuma. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake tena. Maundu alivunja kijino cha kila kanda ya watu, hiyo ilikuwa kanuni ya kazi yake. Lakini ukibandika selotepu pale penye shimo, deki inadanganyika. Na mwaka wa tisini na tisa kulikuwa na tamthilia ya Kimeksiko kwa televisheni, mji mzima wa Voi ulikuwa ukiifuata, na jioni ya sehemu ya mwisho nilikuwa na mkutano wa akina mama kanisani ambao singeweza kukosa kwa sababu mweka hazina ni mimi. Maundu alikuwa safari. Kanda mpya hakuna. Nikavuta moja kutoka kwenye rafu, nikaona ni harusi, nikabandika selotepu, nikaipeleka mbele kidogo ili nisifute kanisa, nikaweka deki ijirekodie. Nilijiambia kwamba familia ina nakala yao. Baadaye ndiyo nikasoma lebo: Werugha, Titus.

Miaka yote hiyo nikanyamaza. Sikujua hata kilichofutika ni nini.

Maundu alipotoka kwenda kununua spiriti ya kusafishia, niliingia kwenye kile chumba kama mwizi. Katoni ya kumi na moja. Nikaipata. Selotepu ilikuwa bado ipo, imegeuka rangi ya chai. Nikasimama nayo mkononi nikiwaza shimo la choo. Nawaambia ukweli, niliwaza hivyo, mimi mama wa kanisa. Kisha nikasikia geti, nikairudisha haraka pale pale. Usiku sikupata usingizi, na kila nikigeuka Maundu ananiuliza, "Mama Muinde, ni mikono bado?"

Wakio akafika Ijumaa kabla ya saa nne. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnyamavu, amevaa sweta ingawa Voi ni jua. Hakunywa chai. Alisema amekatazwa vitu vingi, kwa sababu Jumatatu anapasuliwa Mombasa, uvimbe tumboni.

"Daktari siogopi," akasema. "Naogopa kulala kwa kile kitanda na hasira ya baba juu yangu."

Akatueleza. Alipokuwa msichana alimfuata mwanamume mpaka Mahoo bila wazee wa pande mbili kukaa wala kuitana. Baba yake akasema asikanyage tena boma lake, na Wakio, kwa kiburi cha ujana, hakukanyaga. Hata harusi ya ndugu yake hakwenda. Mwaka uliofuata mzee akafa. Mbele ya kaburi Titus akamwambia, "Baba ameenda na uchungu wake." Lakini miaka mingi baadaye mama mmoja mzee wa kijijini, ambaye naye sasa ni marehemu, alimnong'oneza kwamba siku ya harusi, kabla watu hawajala, baba alikwenda nyuma ya nyumba akatasa.

Mimi ni Mkamba, lakini nimekaa na Wadawida vya kutosha kujua kutasa ni nini. Kwao hasira ya mzazi haiishii kwa maneno. Ikikaa moyoni inamwandama mtoto hata kama mzazi mwenyewe hapendi. Dawa yake ni mzee ajaze maji ya miwa kinywani, ayapulize nje, amtaje yule aliyemkasirikia, na kusema kwamba hasira hiyo imetoka. Ikitoka hivyo, imetoka.

"Nilimuuliza Titus," Wakio akasema. "Alikataa kabisa. Nikamwomba nakala yao ya video, akasema ililiwa na panya. Sasa iko hii yako tu, mzee. Nataka kusikia kama alinitaja. Kama hakunitaja pia nijue, nijipange."

Ngai! Nilitamani ardhi ipasuke. Nyuma ya nyumba, kabla ya chakula: hapo hapo baada ya kanisa, pale nilipoanzia kurekodi.

Maundu akaileta kanda. Alikuwa anatabasamu, maana hakuna kitu anachopenda kama kumpa mtu mtu wake. Akaigeuza kuipanguza, na kidole gumba kikasimama juu ya selotepu. Akaniangalia. Tabasamu lilimwisha polepole, akaisukuma kanda ndani ya deki.

Kanisa likaja, ukungu wa Werugha madirishani. Kwaya. Bibi harusi. Kisha kamera ikazunguka nyumba, ikapita akina mama wa viazi, ikamkuta mzee mrefu amesimama penye mgomba. Wakio akashika meza kwa mikono miwili. Pembeni ya mzee kulikuwa na kijana wa shati jeupe na tai, ameshika kibuyu. Mzee akanywa, mashavu yakajaa, akapuliza, na matone yakaonekana kwenye jua. Akafungua kinywa kwa Kidawida, nami kwa miaka yangu ya hapa nikaelewa: "Moyo wangu mimi..."

Mistari. Kelele. Kisha mwanamke wa Kimeksiko mwenye hereni kubwa kama vifuniko vya sufuria, yuko kwenye ngazi, anamlilia mwanamume asiondoke.

"Itarudi?" Wakio akauliza.

Maundu akapeleka mbele. Hereni. Ngazi. Farasi. Mpaka kanda ikaisha.

"Mama, ni makosa yangu," Maundu akasema. "Siku zile kanda zilikuwa haba, tulirekodi juu ya nyingine. Nisamehe."

Mtu ambaye hawezi kudanganya hata sokoni, alinidanganyia. Ilinichoma kuliko kama angenipiga kofi.

"Si yeye," nikasema. Sauti ilinitoka kwa nguvu mno. "Ni mimi, Mama. Nilitaka kuona mwisho wa ile tamthilia. Sikujua iliyomo, lakini nilijua ni ya watu, na nikafanya."

Wakio alinitazama. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata matusi.

"Na iliisha aje?" akauliza.

"Walioana."

"Haya," akasema, akageukia kioo cha televisheni. "Mzee, rudisha pale mwanzo."

Maundu akarudisha mpaka mzee mwenye mashavu yaliyojaa, akasimamisha. Wakio akaweka kidole juu ya yule kijana wa shati jeupe.

"Huyu ni Titus. Aliniambia hakukuwa na kutasa. Na huyu hapa, amemshikia baba kibuyu!" Akakigonga kioo kwa kidole. "Weka mtandaoni. Weka leo leo, vile ilivyo, na jina lake uliandike. Werugha yote imwone huyu mwongo."

Mimi ningeweka. Lakini Maundu akatikisa kichwa. "Sipandishi kitu kwa hasira, mama. Hii ni harusi yake pia. Mpigie kwanza."

Nilidhani Wakio atabeba mkoba wake aende. Badala yake akatoa simu, akaiweka mezani kwa sauti ya nje. Ikaita na kuita. Mimi nilikuwa nikiomba ashike, na nikiomba asishike.

"Wakio? Uko salama?" Nyuma yake ng'ombe alikuwa analia.

"Niko Voi kwa mzee wa video. Nimekuona umeshika kibuyu."

Tukamsikia akimfukuza ng'ombe.

"Baba alisema nini, Titus?"

"Hayo ni ya zamani, Wakio."

"Jumatatu wananipasua. Alisema nini?"

Tulisikia akivuta pumzi. "Alikutaja," akasema. "Alisema, 'Wakio mwanangu, hasira niliyokuwa nayo kwako imetoka, haina njia ya kurudi. Ukae vizuri na watoto wako.' Alikutaja mara mbili."

Wakio akafunika uso kwa sweta. Mimi tayari machozi yalikuwa yananitiririka, sijali nani ananiona. Kisha Wakio akainua kichwa. "Miaka yote hii umeniacha nayo. Kwa nini?"

"Ilikuwa harusi yangu!" Titus akapaza sauti mpaka simu ikakwaruza. "Wewe ulienda zako. Mimi ndiye niliyebaki, nikakamua, nikalima zile ngazi zote za shamba, alipougua nikamwosha. Siku yangu moja namshikia kibuyu, na jina ni lako. Nikangoja langu. Akapangusa mdomo, akanirudishia kibuyu, akaenda kukaa. Langu hakulitaja, Wakio. Hata mara moja."

Nilimwangalia Wakio nikijua sasa atamrarua, na haki anayo. Yeye alikuwa akimwangalia baba yake pale kwenye kioo.

"Titus, sikia," akasema taratibu. "Kwenye kutasa anatajwa nani?"

"Unajua mwenyewe."

"Sema."

"Aliyekasirikiwa."

"Basi. Baba alipekua moyo wake wote siku ile, akakuta hasira moja tu, yangu mimi. Yako aliitafuta akaikosa."

Tulisikia ndoo ikianguka huko Werugha, kisha mwanamume mtu mzima akilia kwa sauti. Hakuna aliyekata simu.